Benki zinapoungana, nani atamkopesha mama wa sokoni?

Kwa mama anayeuza vitenge huko Butembo na kutafuta mkopo wa dola 1000, jina lililoandikwa kwenye mlango wa benki si neno kubwa. Neno kubwa ni nani anayemupokea ndani, na kama anamufahamu.

Majina hayo yamebadilika sana inchini DRC. Mwaka 2015, Equity Group ya Kenya ilinunua hisa nyingi za ProCredit Bank Congo, benki iliyojulikana kwa mikopo ya biashara ndogo. Mwaka 2020 ikachukua BCDC, benki kongwe iliyoanzishwa mwaka 1909, na hizo mbili zikaunganishwa kuwa EquityBCDC. Desemba 2022, KCB, nayo ya Kenya, ikanunua asilimia 85 ya TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi.

Muungano una faida yake. Benki yenye mtaji mkubwa inabeba hasara bila kuanguka, inakopesha miradi mikubwa na kuweka mawakala hadi mitaani.

Lakini mkopo mdogo hutegemea mambo yasiyo kwenye karatasi. Ajenti wa mikopo anayepita sokoni kila wiki anajua nani anauza kweli na nani anatoa mchango wake wa likelemba kwa wakati. Benki zikiungana, matawi yanayokaribiana yanaweza kufungwa, ajenti akahamishwa, na uamuzi ukapanda hadi makao makuu. Huko wanataka nambari ya RCCM, vitabu vya hesabu na hati ya kiwanja. Wachuuzi wengi hawana. Tena, kuchunguza mkopo wa dola 1000 kunachukua karibu kazi ileile ya mkopo mkubwa, na faida ni ndogo.

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionesha kwamba benki zilizoungana zilipunguza mikopo midogo, ila benki zingine zilijaza sehemu kubwa ya pengo hilo. Mashariki mwa Congo, mara nyingi wanaobaki kulijaza ni koperative za akiba na likelemba, zenye mfuko mdogo.

Mchuuzi anaweza kujitayarisha: kuandika mauzo ya kila siku, kupitisha pesa kwenye akaunti, kutafuta RCCM. Benki nayo inaweza kumuachia mkubwa wa tawi uwezo wa kuamua mikopo midogo. Yeye ndiye anayelijua soko.