Arabuni ya Fundi, Yarudi?

Baba ametanguliza shilingi 300,000 kwa seremala, atengenezewe madirisha. Mara karo ya mtoto yatakiwa, shauri labadilika. Akidai fedha yake aambiwa, "Arabuni hairudi!" Je, ndivyo sheria isemavyo?

Sivyo kabisa. Katika Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, humpa aliyevunjiwa mapatano fidia ya hasara iliyompata kwa sababu hiyo. Basi, ndugu msomaji, nenda karakana ukatazame. Mbao zikiwa zimekwisha kukatwa kwa kipimo cha nyumba yako, nani mwingine atazinunua? Hapo fundi ana haki ya kushika fedha nyingi. Zikiwa nzima bado, aweza kuzitumia kwa kazi nyingine, na hasara yake ni ndogo. (Mafundi wengi si wezi, fedha yako ilinunua mbao siku ile ile.) Hata mkiwa mmeandikiana faini, kifungu cha 74 chataka fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa.

Lakini fedha iliyoandikwa kuwa ni rehani ya kufunga mapatano ni ngumu kuidai. Kwa hiyo stakabadhi iseme "sehemu ya bei". Nawe ukighairi, mpelekee fundi barua siku hiyo hiyo, kabla hajashika msumeno.