Kutafuta Nasaba ya Mama Mhamiaji: Ushahidi wa Vitabu vya Usharika

Katika karne ya 19 Walutheri wengi wa Norwei walihamia Wisconsin, Iowa na Minnesota, katika Marekani, wakalima nyika na kujenga makanisa. Majina ya wachungaji wao yanafahamika. Je, wanawake waliosafiri nao twaweza kuwajua kwa njia gani? Makala hii yakusudia kueleza njia hiyo, na kwa nini jambo hili lamhusu mchungaji.

Wachache waliacha maandishi yao wenyewe. Elisabeth Koren, aliyezaliwa Larvik mwaka 1832, aliwasili karibu na Decorah, Iowa, mwezi Desemba 1853 pamoja na mumewe, Mchungaji Ulrik Vilhelm Koren. Kwa miezi kadhaa walikaa katika nyumba ndogo ya magogo pamoja na familia ya Egge, yenye watoto wawili. Hayo twayajua kwa sababu aliandika shajara. Lakini wanawake walio wengi hawakuandika. Hatuna budi kuwatafuta katika kumbukumbu za wengine.

Kumbukumbu za serikali zina upungufu. Sensa ya Marekani ilianza kuandika jina la kila mtu huru mwaka 1850. Kabla ya hapo alitajwa mkuu wa kaya tu. Uhusiano wa watu na mkuu huyo haukuandikwa hadi 1880, na sehemu kubwa ya sensa ya 1890 ilipotea kutokana na moto wa mwaka 1921. Tena, kwa kawaida mke aliandikwa kwa jina la mumewe. Hivyo mtafiti humwona mwanamke, asijue baba yake ni nani.

Kwa hiyo tegemeo kubwa ni kitabu cha usharika. Mtafiti na aanzie maziko, arudi nyuma hadi ndoa na ubatizo wa watoto, akiangalia sana wazazi wa ubatizo, kwa kuwa mara nyingi walikuwa ndugu wa mama. Kisha avuke bahari. Huko Norwei mchungaji aliorodhesha waliouhama usharika wake, na tangu 1812 nakala ya pili ya kitabu ilitunzwa katika nyumba nyingine, moto usije ukateketeza vyote. Hata hivyo ajihadhari na majina: Olsdatter maana yake ni binti wa Ole, na kaka yake huitwa Olsen. Jina la shamba huongezwa, nalo laweza kubadilika familia ikihamia shamba lingine.

Kitheolojia jambo hili si dogo. Mathayo, katika nasaba ya Bwana wetu, anawataja Tamari, Rahabu na Ruthu kwa majina, lakini mama yake Sulemani anamtaja kwa kumhusisha na Uria tu (Mt. 1:6). Sisi twalijua jina la Bathsheba kwa sababu liliandikwa mahali pengine. Mama wa nyikani ambaye mchungaji wake aliandika "mke wa Ole" pekee hana mahali pengine pa kutajwa.

Basi, ndugu mchungaji, uandikapo ubatizo, ndoa au maziko, andika jina kamili la mama, majina ya wazazi wake na mahali alikotoka. Tena, tunza nakala ya pili mbali na ofisi ya usharika.