Vivuli vya Buluu

Nimeombwa niandike juu ya mahali ambapo huwapeleka wageni wangu hapa Stockholm. Wengi hudhani nitataja jumba la mfalme. Mimi nitawateremsha chini ya ardhi, kituo cha T-Centralen, kwenye treni za njia ya buluu.

Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1975. Mafundi waliupasua mwamba kwa baruti, wakaunyunyizia zege, na wakauacha na matuta yake, kama pango. Mchoraji alikuwa Per Olof Ultvedt, aliyezaliwa Kemi, Finland, mwaka 1927. Sehemu moja alitambaza majani ya buluu juu ya rangi nyeupe, ili abiria wenye haraka wapate kutulia. Sehemu nyingine alichora vivuli vya wafanyakazi waliokijenga kituo: mchomeleaji, seremala, mpasua mwamba, kila mmoja na kazi yake.

Marehemu baba alitutembelea mwaka 1986, wakati wa baridi kali. Nilimpeleka pale akiwa amevaa makoti mawili. Treni tatu zilipita, naye bado anatazama juu.

"Baba, chakula kitapoa," nikamwambia.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Yule pale, mgongo wake ni wa mtu aliyechoka kwelikweli."

Ndipo akaanza kusimulia. Sisi watoto tulijua tu kwamba baba alifanya kazi relini. Kumbe alikuwa mmoja wa vijana waliochimba mahandaki ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapopanda milima. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na mahandaki 22. Kazi ya kuitandika ilimalizika mwaka ule ule wa 1975. Alieleza mwanga hafifu wa taa, maji yakimdondokea shingoni, na fundi wa Kichina aliyemfundisha kwa ishara kuusikiliza mwamba kabla ya kuugusa. Akawataja wenzake wa zamu, mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Na sisi, nani alituchora?"

Sikuwa na jibu. Nilikusudia kuyaandika majina yale usiku uleule. Nikasema kesho, na kesho ikawa miaka. Baba alifariki mwaka 1991. Leo nakumbuka majina mawili tu, na ya baba zao siyajui.

Basi jamaa zangu, nawaombeni. Mwenye mzee aliyejenga reli, bandari au barabara, amwulize sasa, aandike, atuletee majina kamili kwa ajili ya kitabu cha mwakani. Na mkipita T-Centralen na watoto, msiwakimbize kwenye treni. Waacheni watazame juu.