Aya na Wenzake Darasani

Riwaya ya picha ni hadithi inayosimuliwa kwa michoro pamoja na maneno ya wahusika. Mfano mzuri ni Aya de Yopougon (2005), iliyoandikwa kwa Kifaransa na Marguerite Abouet na kuchorwa na Clément Oubrerie. Adjoua na Bintou wanapenda mavazi na dansi; rafiki yao Aya anataka kuwa daktari. Hawafanani, lakini urafiki haukatiki.

Tunawashauri walimu wa Kasenyi, Kasese na Bwera wayafunike maneno hayo, wanafunzi watunge mazungumzo kwa Kiswahili. Atakayeandika "mivumba", kama nguo hizo zinavyoitwa kwao Uganda, asichekwe. Afundishwe "mitumba" bila kunyang'anywa neno lake. Aya naye hakuwaiga wenzake ili apendwe.