Dorine Mokha: mtu mmoja jukwaani, na mambo ya mine pia

Huku Kasongo na Kabambare tunajua mchezo wa mtu mmoja. Magaribi kwenye kariere, mchimbaji anasimama, anaiga negosia, anaiga PDG wa shimo, anaiga polisi wa mine, na wote wanacheka. Dorine Mokha wa Lubumbashi alisimama vile vile peke yake, lakini hakuiga wengine. Alijisema yeye mwenyewe.

Alizaliwa 1989, akasoma sheria, kisha akachagua kucheza na kuandika. Alikuwa mwanaume mwenye kupenda wanaume, na jukwaani hakuficha. Kazi yake yenye kujulikana ni "Entre deux", maana yake katikati ya viwili. Sehemu moja yake ni barua kwa mtu anayeitwa Guz. Humo anauliza kwa mwili na kwa maneno: mwanaume ni nani, na nani alikata mpaka? Alifanya kazi na Studios Kabako ya Faustin Linyekula, kule Kisangani, chini ya mto huu huu wetu wa Lualaba.

Kwa nini peke yake? Kwanza feza: mtu mmoja hana haja ya kulipa kumi. Lakini naona kuko sababu kubwa zaidi. Kampala, mwaka wa 2012, kundi lilicheza tamthilia juu ya mwanaume kama huyo, na David Cecil aliyeitayarisha akatiwa gerezani, baadaye akafukuzwa Uganda. Ukisimama peke yako, hauingizi mwenzako katika taabu.

Kwetu Congo sheria haisemi kama kupenda mtu wa jinsia yako ni kosa. Kuko artikle 176 ya kodi penali, juu ya kuvunja adabu mbele ya watu, na hiyo inaweza kumwangukia mtu wakati wowote.

Sasa wandugu wachimbaji, sikieni: ni Mokha huyu huyu, pamoja na mwanamuziki Elia Rediger, aliyetunga "Hercules de Lubumbashi", kazi ya muziki na teatri juu ya mine za Katanga na feza yenye kutoka humo. Najua wengi wenu mtapenda hii na kutupa ile nyingine. Lakini ni mtu mmoja, kinywa kimoja.

Alifariki Januari 2021, angali kijana.

Naandika hii juu ya jambo la hapa. Katika shimo moja la Kabambare, ekipe ilimtoa kijana kwa uvumi tu kama anapenda wanaume. Fungu lake la mchanga, mifuko mitatu, likabaki kwao. Nilipouliza, wakanijibu: "Baba, hilo si jambo la sendika." Mifuko mitatu ya mtu aliyeshuka shimoni si jambo la sendika? Tumeiandika katika kitabu, na tunaidai.