Johannesburg: Kompyuta yenye viini vingi si lazima iwe na kasi

Kwa mhamiaji anayeanza biashara mjini Johannesburg, iwe ni Yeoville wanakoishi Wakongo wengi au katikati ya jiji, kompyuta iliyokwishatumika ni njia ya kuokoa fedha. Lakini je, anajua anachokinunua?

Tuchukue mfano wa mchoraji wa ramani za nyumba anayetumia programu ya AutoCAD. Mbele yake zipo mashine mbili. Ya kwanza ina prosesa mbili za Intel Xeon E5-2670 za mwaka 2012, jumla ya viini 16. Ya pili ina Core i3-12100 ya mwaka 2022, yenye viini vinne tu. Akivutiwa na wingi wa viini, atachagua ya kwanza, na atakuwa amekosea.

Sababu ni namna programu ilivyoandikwa. Programu ya uzi mmoja hutekeleza amri moja baada ya nyingine, kwani mara nyingi jibu la hatua ya kwanza ndilo linalohitajika katika hatua ya pili. Hivyo kiini kimoja hubeba mzigo wote, na vingine 15 hukaa bila kazi. Kampuni ya Autodesk yenyewe imeeleza kuwa AutoCAD ni ya aina hiyo kwa sehemu kubwa. Makro za Excel nazo ni hivyo hivyo.

Idadi ya gigahezi pekee nayo hudanganya. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifikia gigahezi 3.8. Miaka miwili baadaye Core 2 Duo ya gigahezi 2.4 iliipita, kwa sababu ilikamilisha amri nyingi zaidi katika kila pigo. Core i3 hiyo ina faida zote mbili: hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo, na hufika gigahezi 4.3 dhidi ya 3.3 za Xeon.

Kuna pia suala la umeme, katika nchi iliyopata mgao mkali mwaka 2023. Xeon mbili zimekadiriwa wati 230, ilhali Core i3 ni wati 60.

Hata hivyo, mashine ya zamani haistahili kudharauliwa. Katika kazi inayogawanyika, kama kutayarisha video, viini vyote 16 husaidiana. Lakini Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi Xeon hiyo.

Kabla ya kwenda dukani, fanya kazi yako ya kila siku kwenye kompyuta uliyonayo huku ukitazama matumizi ya prosesa. Ikiwa ina viini vinne na nyuzi nne, na programu inasuasua huku matumizi yakiganda karibu asilimia 25, basi ni kiini kimoja tu kinachotaabika. Unachohitaji ni kiini chenye nguvu zaidi, si utitiri wa viini.