Kupe Wawili, Tabia Mbili

Katika kilima cha Makindye, jijini Kampala, si ajabu kumwona ng'ombe wa maziwa akifugwa bandani nyuma ya nyumba. Hatoki kwenda malishoni, majani huletewa. Kwa hiyo mwenyewe hustaajabu mnyama anapovimba tezi chini ya sikio, akashikwa na homa kali, kisha akahema kwa taabu. Hiyo ni ndigana kali, nayo huweza kumwua ng'ombe wa kigeni katika majuma machache. Ameipata wapi?

Aghalabu imeingia pamoja na mzigo wa majani. Mwenezaji wake ni kupe wa kahawia wa masikioni. Kupe huyu hunyonya wanyama watatu katika maisha yake. Akiwa mchanga hunyonya siku chache, huanguka, hujivua ngozi ardhini, kisha hutafuta mnyama wa pili. Baadaye wa tatu. Hazaliwi na ugonjwa, bali huutoa kwa ng'ombe mmoja na kuutia kwa mwingine. Baina ya milo hiyo huweza kungoja majanini kwa miezi mingi, na mundu humchukua pamoja na majani.

Ndugu yake, kupe wa buluu, ana mwenendo mwingine. Hupanda ng'ombe angali mchanga, akakaa juu ya mnyama huyo huyo kwa majuma matatu hivi, mpaka jike ashibe na kuanguka kutaga mayai. Huyu hueneza ugonjwa wa mkojo mwekundu, na vijidudu vyake hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto kwa njia ya mayai.

Tofauti hiyo yamfaa sana mfugaji. Kupe wa buluu hakimbii ngozi, hivyo dawa humkuta hata ikichelewa kidogo. Yule wa kahawia hushiba na kwenda zake katika siku chache. Kwa ajili yake haina budi kunyunyiza kila juma, hasa ndani ya masikio. Dawa ipimwe kama ilivyoagizwa, kwani ikipunguzwa huwabakiza kupe sugu, na usugu huo umekwisha kuonekana Uganda.

Majani nayo yakatwe mahali wasipochungwa ng'ombe. Tezi ikivimba, mganga wa mifugo aitwe siku ile ile, kwa maana tiba ya ndigana kali huponya ikiwahi.